Spoki Arobaini

Jumamosi, 5 Aprili

Wanyonyi ameleta baiskeli ya Baba. Aliibeba begani kutoka shamba la mahindi lililo karibu na reli, kilomita tatu chini ya kwetu, akaiegemeza ukutani, kisha akasimama kando akiangalia viatu vyake.

"Ilikuwa imezama kwa matope mpaka kwa usukani," alimwambia Mama. "Nimeijua kwa ile ngozi."

Kwenye kitovu cha kila gurudumu kuna mkanda wa ngozi ya kiatu uliofungwa kwa waya wa shaba. Gurudumu likizunguka, mkanda unafuta vumbi wenyewe. Hakuna fundi mwingine wa baiskeli hapa Mai Mahiu anayefunga hivyo.

Wanyonyi huziba tairi za malori kando ya barabara kuu, na kibanda chake kilipakana na cha Baba. Alfajiri ya tarehe ishirini na saba Machi maji yalishuka kwenye korongo kutoka mlimani, yakaondoka na kibanda cha Baba na kuacha cha Wanyonyi. Miili ya watu wanne ilipatikana siku hiyo na siku iliyofuata. Baba hakupatikana.

Mama aliketi kwenye kizingiti, akaishika fremu iliyobaki bila kiti. Akasema, "Basi." Neno hilo tu. Nikajua kwamba siku zote hizi alikuwa akimngoja, na kwamba sasa ameacha.

Mimi sijaacha. Naandika kwenye daftari la Kemia ambalo nilitumia kurasa sita pekee kabla ya kumaliza kidato cha nne Novemba iliyopita. Kuongea mbele ya watu kunanishinda. Hata Wanyonyi sikuweza kumwambia asante.

Jumapili, 6 Aprili

Mvua. Hatukuenda kanisani. Kuna familia saba zinazolala ndani ya kanisa.

Jumatatu, 7 Aprili

Baba Mkubwa, kaka yake Baba, amepiga simu kutoka Alego, kijijini kwao. Mama aliweka simu mezani ili tusikie wote.

"Kama baiskeli imepatikana na mwenyewe hajapatikana, hatutangoja maji yatuamulie," alisema. "Nitaleta yago."

Nilijua neno hilo kwa kulisikia tu. Nimezaliwa hapa chini ya mlima, na mambo ya Alego nayapata kwa kusimuliwa. Mama alinieleza. Yago ni tunda refu kama mkono wa mtu, gumu kama kuni, halilwi. Mtu wetu akipotea na mwili wake usionekane, yago huzikwa badala yake, nyumbani kwao, katika kaburi la kweli.

"Na akirudi?" nikauliza.

"Aliyezikwa harudi, Akeyo. Ukishamzika umefunga mlango. Hata akija na miguu yake mwenyewe, boma halimjui tena."

Baba Mkubwa anataka baiskeli itangulie mbele siku ya maziko, ili watu wa nyumbani waone kazi aliyoifanya Ogola, ndugu yake, miaka ishirini huku kwa watu. Mama akaniambia niisafishe. "Isifike kwetu kama takataka," alisema. "Anza na magurudumu. Magurudumu ndiyo alikuwa akiyapenda."

Jumatano, 9 Aprili

Mvua mchana kutwa. Nimeosha fremu. Maji ya beseni yamekuwa kama uji wa wimbi mara kumi na moja.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimefungua gurudumu la mbele. Tairi lilikuwa limejaa mchanga, na rimu ina kutu iliyoshika kama ugali uliokauka kwenye sufuria. Hivi ndivyo ninavyofanya: kwanza mafuta ya taa kwa kitambaa, nayaacha yalainishe. Halafu brashi ya waya. Halafu jivu laini lililochekechwa, pamoja na nusu ya limau, nasugua kwa mduara hadi jivu ligeuke jeusi. Halafu msasa uliozeeka, maana mpya unakwaruza. Mwisho ni kitambaa kikavu. Kitambaa ni shati langu la shule.

Haya nilijifunza kwa Baba, siku za likizo, nikimshikia vitu. Hakuwa mtu wa kufundisha kwa maneno. Alikuwa akisema tu, "Shika hapa," na "Tazama." Kusafisha aliniachia. Kunyoosha gurudumu hakuniachia hata siku moja. Alilizungusha mbele ya uso wake, jicho moja limefumbwa, akakaza spoki moja robo duara, akalegeza nyingine, akasikiliza. "Hili ni la mkono mmoja," alisema. "Wakiwa wawili linachanganyikiwa."

Gurudumu la mbele lina spoki thelathini na mbili. Leo nimesafisha kumi. Ningeweza kusafisha zaidi. Lakini nikimaliza tutazika, kwa hiyo sifanyi haraka.

Jumamosi, 12 Aprili

Jackie amepita akienda kazini. Tulikuwa dawati moja, na bado ananiita kwa jina langu la shule; sasa anahudumia madereva wa malori katika hoteli ya shangazi yake.

"Niaje, Shantel. Ati unang'arisha baiskeli ya Blackmamba? Hata sufuria za harusi hazisuguliwi hivyo."

Nilicheka kidogo. Yeye pia. Halafu akachuchumaa, akachukua kitambaa, na tukasugua pamoja bila kusema kitu mpaka akachelewa kazi. Shuleni nilimwona kuwa mtu wa kelele tu.

Jumatatu, 14 Aprili

Gurudumu la mbele limekwisha. Nimeanza la nyuma, lenye spoki arobaini. Hili ni bovu zaidi. Udongo umejikausha katikati ya spoki mpaka zimekuwa kama ukuta wa nyumba ya matope.

Kuna kitu ninachokitafuta humu. Miaka sita iliyopita Baba alivunja spoki tatu za gurudumu lake la nyuma, karibu na mahali pa kujazia upepo. Kwa mteja angeweka mpya. Kwake mwenyewe aliokota za pikipiki, nene, akazikata, akapanua matundu ya rimu zikaingia. "Nitabadilisha wiki ijayo," alimwambia Mama. Mama alikuwa akimtania kila mwaka: "Ogola, wiki ijayo yako ina siku ngapi?" Watu waliona baiskeli ya fundi ikipita na wakashangaa jinsi ilivyokuwa mbovu kuliko zote alizozitengeneza.

Nataka kuziona hizo tatu. Nataka nizing'arishe kuliko nyingine.

Jumanne, 15 Aprili

Spoki nane. Zote nyembamba. Bado sijafika mahali pa upepo.

Jumatano, 16 Aprili

Baba Mkubwa amefika na basi, na gunia. Alilishusha sakafuni taratibu kwa mikono miwili.

"Makanga ananiuliza, mzee, hii ni mihogo? Nikamwambia, huyu ni ndugu yangu. Hakuniuliza nauli ya mzigo tena."

Mama alicheka. Ni mara ya kwanza tangu Machi. Halafu kicheko kikageuka kilio, naye Baba Mkubwa akatazama pembeni.

Alifungua gunia nikaona. Yago ni la kijivu, refu, limenona katikati. Nililishika, lina uzito wa mtoto wa miezi mitatu. Baba Mkubwa ni mtu mkali, na siku zote nilimwogopa. Aliangalia baiskeli iliyogeuzwa juu chini, akapitisha kidole kwenye rimu ya mbele.

"Nani amefanya hii?"

Nilitazama chini. Mama akajibu kwa niaba yangu.

"Mm," Baba Mkubwa alisema. "Basi fanya na hiyo nyingine. Tunazika Jumamosi ya tarehe ishirini na sita."

Alhamisi, 17 Aprili

Spoki ishirini na saba sasa. Udongo wa mahali pa upepo ni mgumu kama saruji. Nimeuacha kwa kesho, umelowekwa mafuta ya taa.

Ijumaa, 18 Aprili. Ijumaa Kuu

Nimemaliza spoki zote arobaini.

Nilianza asubuhi watu walipokwenda njia ya msalaba. Mvua ilikuwa imekatika na ukungu umekaa katikati ya mlima, malori yanatoka ndani yake na harufu ya breki zilizoungua. Nilichokonoa udongo kwa msumari. Ukatoka bonge moja, na spoki ya kwanza ikaonekana. Nyembamba. Nikasema itakuwa inayofuata. Nyembamba. Nilisafisha zote za upande ule, nikarudi kwenye zile nilizozisafisha Jumanne, nikazihesabu moja moja kwa kidole. Arobaini, zote za aina moja, na chini ya kutu bado zina mng'ao wa dukani.

Nikajiambia labda alizibadilisha hatimaye, hiyo wiki yake ilifika. Kwa hiyo nikasugua rimu kwa jivu mpaka chuma kikaonekana cheupe, nikatazama matundu. Tundu likishapanuliwa haliwezi kurudi. Yote arobaini yalikuwa madogo, sawasawa, kama yalivyotoka kiwandani.

Hii si baiskeli ya Baba.

Niliketi na lile gurudumu mapajani. Mkanda wa ngozi alikuwa akiwafungia wateja wake wote. Sote tunajua hilo: mimi, Mama, Wanyonyi aliyekaa jirani naye miaka kumi na minne. Ilikuwa ndiyo alama yake. Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka, kwa sababu tulikuwa tumechoka kutokuwa na kitu chake.

Kwa hiyo baiskeli yake haijapatikana. Na kama haijapatikana, huenda aliondoka nayo. Huenda alikwenda Narok, au Naivasha, huenda alipigwa na kitu kichwani na hajui jina lake. Nilisimama nimwite Mama. Baadaye nikaona gunia lile kwenye kona na furaha yote ikawa hofu. Siku nane zimebaki, na tutamfungia mlango.

Jumamosi, 19 Aprili

Sijasema. Nilifungua mdomo mara tatu.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Nimesema.

Baada ya chakula Baba Mkubwa aliulizia baiskeli, kama itakuwa tayari kupakiwa Alhamisi. Mama akasema ndiyo. Nami nikasikia sauti yangu ikisema, "Si yake."

"Nini?"

"Baiskeli. Si ya Baba."

Baba Mkubwa aliweka kikombe chini. "Mtoto, usicheze na haya mambo."

Nilileta gurudumu la nyuma ndani, kwa kuwa kuonyesha ni rahisi kuliko kueleza. Mama alielewa kabla sijasema lolote. Alipitisha vidole kwenye spoki karibu na mahali pa upepo, mbele na nyuma, kama mtu anayetafuta jino lililong'oka.

"Fundi anabadilisha spoki," Baba Mkubwa alisema. "Si ndiyo kazi yake?"

"Ni matundu, Baba Mkubwa. Aliyapanua. Haya hayajapanuliwa."

Alilichukua akaenda nalo mlangoni penye mwanga. Aliliinua, akaangalia tundu moja moja. Mgongo wake ni kama wa Baba, bega moja liko juu. Aliporudi hakuwa na hasira, na hilo lilinitisha zaidi.

"Shemeji," alimwambia Mama, "baiskeli ni chuma. Iwe yake, isiwe yake, maji yalipita kibandani kwake akiwa ndani."

"Nani alimwona akiwa ndani?"

Baba Mkubwa akaliegemeza gurudumu ukutani.

"Nauliza, nani alimwona?" Mama alisimama. Sijawahi kumwona mrefu hivyo. "Aliondoka hapa saa kumi alfajiri na baiskeli yake. Iko wapi? Mimi simziki mtu mwenye baiskeli."

Akalichukua lile gunia, akalisukuma chini ya kitanda kwa mguu.

Jumatano, 23 Aprili

Baba Mkubwa amerudi Alego. Ameacha yago. "Haliozi haraka," aliniambia mlangoni, kwa upole ambao sikuujua. "Mtunze mama yako. Matumaini ni kazi nzito kuliko kulia." Nilidhani anasema hivyo kwa kuwa ameshindwa.

Alhamisi, 24 Aprili

Mama amekwenda hospitali za Naivasha na picha ya Baba. Hakuna.

Jumanne, 29 Aprili

Amekwenda Nakuru. Wodi zote, kisha mochari mbili. Amerudi amelowa, akavua viatu akakaa navyo mkononi.

"Kuna mmoja alikuwa na mikono kama yake," alisema. "Mikono tu."

Jumapili, 4 Mei

Kanisani tumeombewa. Mchungaji alisema Mungu wetu ni wa miujiza na watu wakapiga makofi. Mama alipiga kuliko wote.

Ijumaa, 9 Mei

Mvua. Mama hafungi mlango kwa komeo tena.

Jumanne, 13 Mei

Dereva mmoja wa lori amemwambia Jackie kwamba aliona mtu anaziba baiskeli sokoni Narok, mweusi, mrefu, bega moja juu. Jackie alikuja mbio, aproni bado kiunoni. Hakukosea kutuambia, hata mimi ningefanya hivyo.

Mama aliondoka kabla chai haijachemka.

Jumatano, 14 Mei

Mtu huyo anaitwa kwa jina lingine, ana wake wawili, yuko Narok tangu zamani. Mama anasema alikaa naye kibandani kwake saa nzima akimtazama tu akifanya kazi, na mtu huyo hakumfukuza.

Jumatatu, 19 Mei

Mama hali. Anapika, anapakua sahani tatu, anafunika moja. Usiku ikifika anaimwaga na kesho anapakua tena. Amekonda mpaka pete inatoka yenyewe, ameifunga uzi.

Kabla sijasema yale niliyosema, alikuwa analia kama watu wanavyolia, na alianza kulala. Sasa halii, wala halali. Ni mimi niliyemtoa kwenye msiba na kumweka huku. Nilidhani ukweli ukisemwa, kitu fulani kitafunguka. Ni kweli si baiskeli yake. Na kisha?

Wanyonyi alipita jioni. "Mathe anaendeleaje?" Nikatikisa kichwa. Akakaa kwenye jiwe. "Mimi ndiye nililetea nyinyi hiyo kitu," alisema. "Afadhali ningeiacha kwa mahindi." Sikujua kwamba yeye pia anabeba yake.

Alhamisi, 22 Mei

Nimeng'arisha magurudumu tena, yote mawili, kuanzia mwanzo. Hayakuwa machafu.

Jumanne, 27 Mei

Amekuja mwenye baiskeli.

Nilikuwa nje nikianua nguo, mvua ikitaka kunyesha, nikaona mtu amesimama barabarani akiitazama. Nimezoea kuiacha chini ya paa la jikoni. Alikuwa mwanamume wa miaka kama thelathini, kofia ya sufu, gumbuti. Kisha akapiga hodi.

"Hapa ni kwa fundi Ogola?"

Mama alitoka ndani akikimbia, mikono ina unga. "Umemwona?"

Yule mtu akavua kofia. Hapo ndipo nilipojua. Nadhani Mama alijua pia, lakini aliuliza tena: "Umemwona wapi?"

"Mama, mimi naitwa Kipkorir. Nilikuwa nakamua ng'ombe kwa shamba la mtu huko upande wa Longonot. Hiyo baiskeli ni yangu."

Mama akamkaribisha ndani. Nilileta chai. Hakuinywa, aliishika tu. Alizungumza akiangalia sakafu, pole pole.

"Nilimwachia jioni. Gurudumu ya nyuma ilikuwa imepinda, nikamwambia, fundi, nahitaji kabla ya kupeleka maziwa. Akasema, sawa, nitaamkia hiyo, kuja saa kumi na moja na nusu. Hiyo saa kumi na moja nikampigia simu, kumuuliza tu kama iko tayari. Akaniambia, iko tayari, imenyooka kama rula. Lakini usishuke, maji inaingia kwa kibanda, wacha nitoe baiskeli yako."

"Endelea," Mama alisema.

"Nikamwambia, fundi, wachana nayo, toka. Akasema, yangu ningeacha, hii ni ya mtu. Nikamwambia tena. Hakunijibu. Nilisikia anavuta kitu. Halafu nikasikia sauti kama lori inamwaga mawe. Simu ikakatika."

Nje mvua ilianza kupiga mabati. Kipkorir akapandisha sauti, na kwa kuipandisha ikavunjika.

"Nilienda kwetu Keringet wiki hiyo hiyo. Nilishindwa kukuja. Nilisema, nitaambia hawa watu nini? Ni mimi nilitaka kabla ya maziwa."

Mama hakumtazama. Alikuwa akitazama mikono yake yenye unga.

"Ulimwambia aiache?"

"Mara mbili, mama."

"Akakataa."

"Akakataa."

"Basi huyo ni Ogola," Mama alisema.

Alikwenda jikoni, akachukua sahani iliyofunikwa, akaileta, akaiweka mbele ya Kipkorir. Akamwambia ale. Naye akala, machozi yakimtiririka hadi kwenye mboga za sukuma, kwa sababu hangeweza kukataa. Halafu Mama akaingia chumbani, tukasikia gunia likivutwa kutoka chini ya kitanda.

Mimi nilibaki nimesimama na birika. Nilikuwa nimesema si baiskeli ya Baba, na haikuwa yake. Nilikuwa sahihi kuhusu kila spoki. Na gurudumu lile lile nililolitumia kuwathibitishia kwamba huenda yu hai ndilo la mwisho alilolishika.

Jumatano, 28 Mei

Kipkorir amelala kwa Wanyonyi, asubuhi akaja kuaga. Alisema baiskeli ibaki, itangulie kule Alego kama tulivyopanga. Mama alikataa.

"Ogola hakuwahi kubaki na baiskeli ya mteja. Wala hataanza leo."

Nilirudisha tairi, nikajaza upepo. Kipkorir aliinua sehemu ya nyuma akalizungusha gurudumu. Liling'aa. Hata Wanyonyi aliguna. Lakini kila lilipozunguka, upande mmoja uligusa fremu: kwaru, kwaru, kwaru. Maji yalikuwa yamelipinda tena. Wiki zote hizo nilikuwa nalo mikononi na sikuliona, kwa sababu sikuwa nimelizungusha. Nililisugua tu.

Nilichukua spana ndogo ya Wanyonyi. Nilikaza spoki moja robo duara, nikalegeza nyingine. Nikafumba jicho moja. Likazidi kupinda.

"Wacha tu, dada," Kipkorir alisema. "Itanifikisha. Nitatafuta fundi huko mbele."

"Huku hakuna," Wanyonyi alisema.

Aliondoka akiisukuma. Nilisikia ikikwaruza hadi lori lilipopita.

Ijumaa, 6 Juni

Alego. Tumefika jioni. Watu ni wengi na wananiita kwa jina la nyanya aliyefariki. Wachimbaji walimuuliza Mama Baba alikuwa na kimo gani. Akainua mkono juu ya kichwa chake, akaushusha kidogo, akaupandisha tena.

Jumamosi, 7 Juni

Tumezika. Hakukuwa na mvua.

Kaburi lilichimbwa urefu wa Baba na kina cha mtu mzima, kwa sababu Baba Mkubwa alikataa lichimbwe dogo. Yago lilivikwa shati lake la bluu, likafungwa kwa shuka. Baba Mkubwa alishuka nalo mwenyewe, akalilaza mahali ambapo kichwa kingekuwa, na akakaa chini humo mpaka wakamwambia mzee, toka. Kutoka juu lilionekana dogo sana.

Wanaume walifukia, wakishindilia kwa miguu. Udongo ulikwenda, ukaendelea kwenda. Makaburi mengine ya boma hili yote yana tuta. Walipomaliza, la Baba lilikuwa sawa na ardhi, kwa kuwa hakukuwa na kitu ndani cha kuusukuma udongo juu. Watu walisimama na majembe hawajui la kufanya.

Baba Mkubwa akawatuma wakachote udongo mwingine kwenye ua wa jirani.